Kifumbu Kipya cha Kukamulia Kitani

Babu Larion alivichoma vifumbu vyetu siku niliyokuwa mtoni nikifua magunia. Ningekuwepo, angenichoma mimi kwanza.

Harufu ndiyo iliyoniita. Singa za farasi zikiungua hazifichiki, zinakukaba koo hata ukiwa mbali. Niliyaacha magunia majini nikapanda ukingo mbio, sketi imelowa inanipiga miguuni, nikafika nyuma ya ghala na kumkuta mzee amesimama mbele ya moto, kofia kifuani, anaimba zaburi kwa ile sauti yake nzuri. Motoni mlikuwa na hatamu za ngozi, buti za marehemu kaka yake, koti la manyoya ya kondoo, na vifumbu vyote vya shinikizo langu la mafuta, vilivyosukwa kwa singa za mkia wa farasi.

"Babu Larion! Umefanya nini?"

"Nimetusafisha, Fedosya. Hakuna tena kitu cha mnyama kijijini."

"Umetusafisha mafuta ya mwaka mzima!"

"Mungu atatoa, mwanangu."

"Mungu ameshatoa! Mbegu zimejaa ghalani mpaka mlango haufungiki. Vifumbu tulivisuka wenyewe, na wewe umevifanya majivu!"

Nilichukua jiti nikachokoa moto, nikatoa kipande kimoja cheusi. Kikasagika mkononi. Nililia pale pale mbele ya watu, na sikuona haya, maana nilikuwa nalia kwa hasira.

Sisi Wadukhobor hatuli nyama. Kwa kukataa kuua, mtu au mnyama, wazee wetu walichapwa viboko Urusi, tukapakiwa melini, tukaja kuanza upya kwenye nyika hizi za Kanada. Sasa mwaka ule wa 1902 wakatokea waliosema kwamba kutokuua hakutoshi, hata kumfanyisha mnyama kazi ni dhambi. Wakafungua mazizi, farasi na ng'ombe wakaenda zao, na serikali ikawakusanya ikawauza. Kijijini kwetu aliyeongoza hayo ni Babu Larion. Shida ni kwamba hakuwa mtu mbaya. Kitanda chake aliwapa wapita njia yeye akalala sakafuni, na kwenye baridi alitembea na viatu vya kamba alivyosuka mwenyewe, vidole vimebabuka. Mtu wa namna hiyo unashindwa hata kumtukana vizuri.

Ila siagi ilikuwa imeondoka na ng'ombe. Kilichobaki cha kutia kwenye uji, kwenye kabichi, kwenye viazi na kupaka mkate wa watoto ni mafuta ya mbegu za kitani. Na mafuta ya kitani bila kifumbu hayapatikani. Unasaga mbegu chini ya jiwe la kuviringisha, unga unaunyunyizia maji na kuupasha moto kwenye sufuria pana, unakoroga mpaka ukiufinya kiganjani unashikana na kukuachia mng'aro. Kisha unaujaza kwenye kifumbu, unakiweka kwenye tundu la lile gogo la shinikizo, unapiga kabari kwa nyundo ya mbao mpaka gogo lipige kelele. Mafuta yanachuruzika chini, ndani yanabaki mashudu makavu. Baba mkwe wangu, kaka yake Babu Larion, ndiye aliyelichonga shinikizo lile na ndiye aliyenifundisha. Alipofariki nikalishika mimi, kwa sababu mume wangu na wanaume wengine wenye nguvu walikuwa mbali wakijenga reli.

Jumapili tukakutana, kama kawaida, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili. Safari hii mlangoni alikuwepo pia Tulloch, mwenye duka la stesheni, mtu mnene mwekundu aliyejifunza maneno ya kwetu kwa ajili ya biashara na utani.

"Nasikia shinikizo limekufa," akasema. "Poleni. Basi mbegu nipeni mimi, nami nawaletea mafuta ya nguruwe, makopo kwa makopo. Meupe, laini! Nguruwe mwenyewe hana kinyongo, ameshakufa."

Hakuna aliyecheka. Lakini wapo waliotazama chini, nikajua wanafikiria.

Aliyesimama kwanza alikuwa mama mkwe wangu, Malanya. Nilidhani atamfukuza.

"Tuchukue," akasema.

"Mama!"

"Nimezika watoto kule uhamishoni, Fedosya, wewe ulikuwa bado unacheza mavumbini. Baridi inakuja. Wanawake hapa wananyonyesha, na wewe mmoja wao. Unamnyonyesha nini Tanyusha, maji ya kabichi? Sitamzika mjukuu kwa sababu ya mkia wa farasi."

"Baba mkwe alichapwa mpaka mgongo ukachanika kwa kukataa kuua. Leo tumrambe nguruwe wa Tulloch?"

"Baba alikuwa mtu mzima. Alichagua mwenyewe. Tanyusha amechagua nini?"

Nilimtazama Babu Larion, nikitaka aseme yeye, maana moto ulikuwa wake. Mzee akainuka.

"Mimi nguruwe sitakula," akasema. "Nitakula mkate mkavu hadi nife."

"Na watoto, shemeji?" Malanya akamuuliza. "Nao wafe na wewe?"

Akakaa. Akafunika uso kwa kofia yake, mabega yakawa yanapanda na kushuka.

Uamuzi ukawa hivi: Jumapili ijayo, kama kuna mafuta ya kitani mezani, mbegu zinabaki. Kama hakuna, Tulloch anapakia. Tulloch akanipungia mkono kwa upole, kama anavyopungiwa mtu aliyeko kitandani mgonjwa, na hilo ndilo lililonitia ari kuliko zaburi zote.

Jumatatu nikaingia kazini na wifi yangu Dunya, mdogo wa mume wangu. Dunya alikuwa na mambo mawili yaliyojulikana hadi vijiji vya jirani, ulimi wake na nywele zake. Msuko mmoja, wa rangi ya ngano, mnene kama mkono wangu, ulioshuka mpaka chini ya kiuno. Alikuwa ameposwa na Grisha, naye Grisha alikuwa kwenye reli na wenzake, harusi ikisubiri arudi.

Farasi wa kuzungusha jiwe hatukuwa naye, tukajifunga wenyewe kwenye mti wake, wanawake wa kijiji kwa zamu. Plau tulishavuta mwaka tuliofika, jiwe lingetushinda nini? Tulizunguka tukiimba, na Dunya akipiga kelele nyuma, "Vuta, mama, vuta! Ukichoka sema hii-hii, tukupe majani!"

Unga ukapatikana mzuri. Nikashona kifumbu cha kitambaa cha kitani, kizito, cha mikunjo miwili. Tukajaza, tukapiga kabari. Kitambaa kikanywa mafuta yote, kikaziba, kikavimba, kisha pwaa! Unga wa moto ukaruka mpaka darini.

"Wifi," Dunya akasema, akijifuta kope, "kama hiki ndicho chakula, mimi nimeshiba."

Nikashona cha mikunjo mitatu. Kikapasuka. Nikajaribu kamba za katani, zikakatika. Jumatano mchana nilikuwa nimebakiwa na kitambaa kimoja tu, kile kigumu cha kutandikia meza siku ya harusi, cha Malanya. Nilikiiba sandukuni. Tukakijaza, Dunya akainama kukiweka sawa tunduni, nami nikapiga nyundo kabla hajatoka vizuri. Kikapasuka kuliko vyote. Dunya akachafuka kuanzia utosini mpaka kifuani, na msuko wake ukatumbukia kwenye rojo.

"Unataka kuniua!" akapiga kelele. "Nywele zangu! Grisha akija atanioa au atanikaanga?"

Akaushika msuko kwa mikono miwili, akaukamua kwa hasira kuanzia juu kushuka chini.

Yakatoka mafuta. Safi kabisa, ya rangi ya asali, bila punje ya unga. Unga wote ulibaki nje ya nywele, umejishika, na mafuta yalipita katikati yakadondoka kwenye bakuli. Akakamua tena. Yakatoka tena.

Nilisimama na nyundo yangu, nikimtazama.

Dunya akainua macho. Akautazama msuko. Akanitazama mimi.

"Wifi," akasema polepole, "usiniangalie hivyo."

"Sijasema kitu."

"Unasema kwa macho. Hapana. Hapana, Fedosya! Kata miguu yangu, nywele zangu ziache!"

Akatoka mbio. Sikumfuata. Niliketi juu ya gogo, nikavua kitambaa cha kichwa, nikafumua nywele zangu nyeusi ambazo mume wangu alikuwa akizishika akilala. Nikachukua mkasi. Nilikata karibu na ngozi ili zisipotee hata kidogo, kisha nikasuka upya nilichokata, msuko mwembamba, mgumu, jinsi mtu anavyosuka ukili wa mkeka. Nikauvuta kwa nguvu zangu zote. Haukukatika.

Malanya aliingia akitafuta kitambaa chake cha harusi. Alikiona kimechanika sakafuni, kisha akaniona mimi na kichwa kama cha kifaranga. Nilijikunja, nikisubiri kofi.

"Umerukwa na akili," akasema.

"Vuta huu, mama."

Akauvuta. Akauvuta tena, akauzungusha vidoleni, akauingiza kwenye rojo na kuukamua. Alikuwa mshonaji bora kijijini, na nilimwona anavyopima kwa macho.

"Ukili wa namna hii ukishonwa ubavu kwa ubavu," akasema, "unapata kifumbu. Lakini nywele zako zinatosha nusu kiganja tu. Zinatakiwa za wanawake wote."

"Najua."

"Na mimi ndiye niliyesema tule nguruwe."

"Najua, mama."

Akavua kitambaa chake. Nywele zake zilikuwa za mvi, zimepungua, na sikuwahi kuziona mchana. Akanigeuzia kisogo.

"Kata. Siwezi kukaa na nywele peke yangu katika nyumba ya vipara."

Habari ilikwenda mlango kwa mlango. Wengine walikuja wakicheka, wengine kimya, mmoja akaleta msuko aliokatiwa binti yake alipougua homa, ulikuwa umehifadhiwa kwa ajili ya kumbukumbu. Waliokataa walikataa, na nilitangaza kwamba atakayemsema mwenzake atajibu kwangu. Ghala likajaa wanawake wanasuka ukili wa nywele za kila rangi, wakitaniana kwamba sasa waume wakirudi watashindwa kujua yupi ni wao. Malanya akashona tangu jua kuchomoza hadi kuzama.

Alhamisi jioni akaninyanyulia kazi yake. Upande mmoja ulikuwa wazi.

"Zimekwisha," akasema. "Pengo la upana wa viganja viwili."

Wote tulifikiria msuko mmoja. Hakuna aliyeutaja. Dunya hakuwa ameonekana ghalani tangu Jumatano, na mmoja alipofungua mdomo nilimtolea macho.

Ijumaa asubuhi alikuja. Kitambaa amekifunga mpaka nyusi, macho yamevimba, na mkononi ana kifurushi cha shuka. Alikiweka mapajani kwa Malanya.

"Shona," akasema. "Shona haraka kabla sijakinyakua."

Nilitaka kumkumbatia. Akanisukuma.

"Usiniguse, wifi, nitalia tena. Niambie nifanye nini."

"Shika nyundo."

Jumamosi tulijaza kifumbu kipya. Kilikuwa kinene, kizito, mistari myeusi na ya mvi na ya kahawia, na kuanzia ukingo mmoja ukanda mpana wa rangi ya ngano. Nikakikunja, nikakitia tunduni, nikaweka kabari. Wanawake walijazana hadi nje. Nilisema, "Taratibu kwanza," na Dunya akapiga.

Gogo likaguna. Akapiga tena. Nilipiga magoti nikatazama chini ya tundu, shavu kwenye mbao. Hakuna kitu. Nikamwashiria. Akapiga. Nilisikia nyuzi zinajivuta ndani, nikafumba macho nikisubiri ule mlio, pwaa. Haukuja. Mahali pake likaja tone moja, likaning'inia, likadondoka kwenye bakuli.

"Tone!" nikapiga kelele. "Piga, wifi! Piga!"

"Huyu ni Tulloch!" Dunya akapiga. "Huyu nguruwe wake!" Akapiga. "Na huyu Grisha, kama atathubutu kucheka!"

Matone yakawa uzi, uzi ukawa mfereji, dhahabu tupu, unatoka na mvuke na harufu ile ya karanga na nyasi mbichi iliyokuwa harufu ya utoto wetu sote. Bakuli likajaa. Nikasogeza lingine. Wanawake walianza zaburi bila kuambizana, wengine wakalia, wengine wakachovya vidole na kuwapaka watoto midomoni. Tulipotoa kabari na kukifungua kifumbu, kilikuwa kizima, hakuna mshono uliolegea. Mashudu yakatoka magumu, yamechorwa juu yake misuko yetu yote, na watoto wakayagombania wakayatafuna kama biskuti. Malanya akachukua kipande, akakigeuza kwenye mwanga.

"Unga wake nitautia kwenye mkate," akasema. "Hakuna kitakachotupwa." Kisha akanishika kichwa changu kipara kwa mikono yote miwili akanibusu utosini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla.

Jumapili meza ilikuwa na mkate, chumvi, maji, na bakuli kubwa la mafuta katikati. Tulloch alikuwa ameegesha gari lake la farasi mlangoni, makopo yamepangwa nyuma. Akaingia, akaona bakuli, akaona vichwa vyetu, maana tulikuwa tumekubaliana kuvua vitambaa.

"Mmepatwa na ugonjwa gani?" akauliza.

"Ugonjwa wa kutokula nguruwe," Dunya akamjibu.

Watu walicheka mpaka benchi zikatikisika. Lakini kicheko kilikatika Babu Larion aliposimama. Alikuwa amedhoofu, kwa kweli alikuwa ameishi kwa mkate mkavu wiki nzima kama alivyoapa. Na kijijini walikuwepo wengi ambao wasingegusa mafuta yale kama yeye angeyakataa.

"Kifumbu kimefumwa kwa kitu gani?" akauliza.

"Kwa nywele," nikasema.

"Nywele ni kitu cha kiumbe, Fedosya."

"Ni kitu cha kiumbe, Babu. Farasi hakuulizwa. Sisi tuulize."

Mzee akatoka upande wa wanaume, akavuka katikati ya chumba, jambo ambalo halifanyiki, akasimama mbele ya Malanya.

"Umetoa mwenyewe, shemeji?"

"Nimetoa mwenyewe. Na nilikuwa nataka nguruwe, Mungu anisamehe."

Akanijia mimi. "Nimetoa mwenyewe." Akamwendea aliyekuwa kando yangu, na aliyefuata, mstari mzima wa vipara, mzee anauliza kila mmoja, na kila mmoja anajibu, na Tulloch amesimama mlangoni haelewi kinachoendelea. Wa mwisho alikuwa Dunya, kwenye kona. Aliona macho yake yalivyovimba. Akasita.

"Na wewe, binti? Walikulazimisha?"

Angesema neno moja tu, hata kwa utani, kazi yote ingekwisha.

"Nililia, Babu," Dunya akasema. Kwa mara ya kwanza sikusikia utani wowote kwenye sauti yake. "Nililia sana. Nilizitaka nywele zangu. Lakini mkasi niliushika mimi."

Babu Larion akapiga magoti, pole pole, kwa maumivu ya miguu yake, akainama mbele ya msichana yule mpaka paji la uso likagusa sakafu, namna tunavyomwinamia Mungu aliye ndani ya mtu. Alipoinuka, Dunya akamshika kiwiko, akampeleka mezani, akamega mkate, akauchovya mpaka ukalowa, akampa. Mzee akala, mafuta yanamchuruzika ndevuni. Akafumba macho akimeza. Kisha akanyoosha mkono aongezwe, chumba kizima kikainuka kwa pamoja kuja mezani, na nje nikasikia Tulloch anawageuza farasi wake, makopo yakigongana.